Utulivu una macho: mafundisho ya kamba ya wazee

Kila mara mambo yanapoharibika kwetu, neno la kwanza tunaloambiwa ni hili: "Mutulie!" Mume anamwambia bibi yake, mwalimu anaambia wanafunzi, shefu wa karitye anaambia watu wake, na mwenye bunduki anaambia raia. Neno ni moja, lakini hawa wote hawasemi kitu kimoja. Mmoja anataka kutuponya, mwingine anataka tunyamaze tu. Njo maana sisi tunaofundisha vijana tumeona vizuri kuleta katika kitabu hiki cha desturi swali hili: utulivu ni nini? Na tena: utulivu na huruma vinaunganika namna gani? Juu mtu anaweza kuwa mtulivu kabisa mbele ya mateso ya jirani yake, na ule utulivu wake usiwe fadhila hata kidogo.

Swali hili si la vitabu tu. Hapa Kivu, tangu mwaka 1996, tumekimbia, tumerudi, tumezika, tumekimbia tena. Vita ilifika Bukavu mwaka 1996, mwaka 1998, mwaka 2004, na tena mwezi wa pili 2025. Hasira ya miaka hiyo yote haikubaki barabarani, iliingia ndani ya nyumba. Mtoto anavunja sahani, anapigwa sawa vile ameua mtu. Wamama wawili wanagombania nafasi kwenye robine, na kabla bidoni ya kwanza haijajaa, kabila la kila mmoja limekwisha kutajwa. Basi, mtu anayetafuta namna ya kutuliza moyo hatafuti starehe. Anatafuta namna ya kuishi na wengine bila kuuana.

Tutatazama kwanza yale ambayo wazee waliacha, kisha pale ambapo yanaweza kutudanganya, na mwishoni yale tunayoweza kufanya leo.

1. Kamba iliyotundikwa siku ya amani

Kwa Warega, watu wa Mwenga, Shabunda na Pangi, kulikuwa katika kijiji nyumba ya wanaume inayoitwa lusu. Humo wanaume walikula, walipokea wageni, na walikata maneno. Na humo ilitundikwa kamba yenye jina la mutanga. Kwenye kamba hiyo walifunga vitu vidogo vidogo vya maisha ya kila siku: unyoya, ganda, kipande cha mfupa, kijiti. Mgeni asiyejua angefikiri ni takataka za watoto. Kumbe kila kitu kilikuwa na methali yake, pengine zaidi ya moja. Ilikuwa maktaba ya watu wasioandika. Padri Georges Defour alikusanya methali za kamba hiyo katika kitabu kilichochapishwa Bukavu, na tangu hapo hata wasiokuwa Warega wanaweza kujifunza.

Tukiitazama ile kamba vizuri, tunaona mambo mawili ambayo yanahusu swali letu.

La kwanza: kitu kilifungwa kwenye kamba kabla ya ugomvi. Hekima ilitundikwa siku ya amani, ikangoja siku ya hasira. Siku ya hasira hakuna mtu anayeweza kutengeneza hekima mpya, kichwa kimejaa moshi. Anayengoja mpaka akasirike njo atafute utulivu, ni sawa na mtu anayeanza kuchimba kisima wakati nyumba inaungua.

La pili: mzee aliyetaka kuonya aliweza kuonyesha kitu, bila kuonyesha mtu. Unapomwambia kijana mbele ya watu wote "wewe ni mugomvi", unamfunga katika lile jina na atalitetea. Lakini ukigusa kile kilicho kwenye kamba na kukumbusha methali yake, kila mmoja katika nyumba anajipima mwenyewe, na yule anayehusika anapata njia ya kubadilika bila kuvuliwa nguo. Sisi tunaona kwamba hapo njo huruma inaanzia: katika namna ya kusema ukweli, kabla hata hatujafika kwenye kutoa msaada ao kusamehe.

2. Mwenye vichwa vingi na mwenye mkono mmoja

Warega walikuwa na shule nyingine kubwa, bwami. Watu wengine wanafikiri ni ufalme, juu kwa majirani neno mwami ni mfalme. Kwa Warega bwami ilikuwa chama cha mafundisho chenye ngazi, na ngazi ya juu iliitwa kindi. Mtu hakuipanda kwa nguvu ya mikono. Alihitaji mali na msaada wa jamaa, ndiyo, lakini zaidi alihitaji mwenendo: mtu wa fitina, mtu wa ngumi, hakupitishwa. Wanawake pia walikuwa na ngazi yao, bunyamwa, waliyoingia pamoja na waume zao. Serikali ya Wabelgiji iliogopa chama hicho na kukikataza mwaka 1948. Sanamu zake nyingi za pembe na za mti ziko leo katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani, na watu wanazitazama kwa uzuri wake tu. Lakini wazee walizichonga kwa kufundisha.

Kati yao kuna moja yenye vichwa ao nyuso nyingi, inayoitwa Sakimatwematwe, maana yake Bwana Vichwa-Vingi. Wazee walisema juu yake kwamba aliona tembo ngʼambo ya mto mkubwa. Yaani mtu aliyekomaa anaona mbali, na anaona pande zote kwa mara moja. Karibu yake kuna sanamu nyingine, ya mtu mwenye mkono mmoja, Kuboko Kumozi. Huyo ni mugomvi: alipenda sana vita, na mkono ukapotea.

Tukiweka hizi sanamu mbili pamoja, tunapata jibu ambalo tumelifanya kichwa cha maandiko haya. Hasira inapofusha, inaacha jicho moja tu, linaloona kosa la mwingine. Utulivu una macho mengi. Mtulivu si yule asiyesikia uchungu. Ni yule ambaye uchungu wake haukumzuia kuona kwamba hata mtu wa ngʼambo ana njaa, ana mtoto, ana woga. Ukishaona hivyo, huruma inakuja yenyewe. Usipoona, hata tukikuhubiria huruma mwaka mzima, itabaki neno tu.

3. Namna barza inavyopoza moto

Kuona upande wa mwingine ni vigumu kwa mtu peke yake. Wazee walijua hivyo, njo wakatengeneza barza. Tuchukue mfano wa ugomvi mdogo, wa aina tunayoijua sote. Mtu anafika kwa mzee akiwa na panga mkononi na mdomo unatetemeka.

"Muzee, mbuzi ya huyu jirani imekula sombe yangu yote! Leo minamukata!"

"Jambo kwanza, mwanangu. Ikala. Bibi na batoto bako bazima?"

"Bako bazima, muzee."

"Umekula?"

"Sijakula bado."

"Mumuletee maji. Sombe imeshaliwa, haitaliwa tena leo. Kunywa kwanza."

Tusicheke haraka. Kila neno la mzee hapa lina kazi yake. Salamu inamkumbusha mtu kwamba kabla ya kuwa mwenye shamba, ni baba wa watoto. Kuikala chini kunatoa nguvu katika miguu. Maji yanalazimisha panga kuwekwa chini, maana mkono hauwezi kushika kikombe na panga vizuri. Na wakati unapita.

Kisha mwenye mbuzi anaitwa. Sheria ya barza ni kwamba mmoja anaposema, mwingine hakati. Yule wa kwanza anasema yote tangu mwanzo, hata yale yasiyohusu sombe, juu mara nyingi sombe ni mlango tu na ugomvi wenyewe uko ndani zaidi: mpaka wa shamba, deni la mahari, neno baya siku ya kilio. Halafu yule wa pili anasema. Na hapo, mbele ya watu wote, inajulikana kwamba mtoto anayechunga mbuzi amelala siku tatu na malaria, hakuna aliyeifunga kamba.

Je, kesi imekwisha? Hapana. Hapa njo tunapenda sana akili ya wazee wetu. Mbuzi amekula, shamba limeharibika, mwenye mbuzi atalipa: atakuja na jembe siku mbili kupanda upya miti ya mihogo. Lakini yule mwenye shamba naye, akisharudi nyumbani, ni nani atakayeshangaa akituma bibi yake na ndizi kwa mtoto mgonjwa? Huruma haikufuta deni. Ilibadilisha namna ya kulidai. Na mwishoni wanakula pamoja, wanakunywa kasiksi ya chungu kimoja, kusudi kila mtu aone kwamba neno limekatwa.

Katika darasa la sita tunafundisha kidogo mawazo ya Seneca, mwalimu wa mfalme Nero wa Roma, aliyekufa mwaka 65. Aliandika vitabu vitatu juu ya hasira, na dawa yake kubwa ni kungoja: hasira ikipewa muda inapungua. Wazee wetu wangemkubali mara moja. Lakini kuna tofauti. Seneca anatuonyesha mtu ambaye usiku, taa ikizimwa, anajiuliza mwenyewe juu ya siku yake. Wazee wetu hawakumwacha mwenye hasira peke yake na giza. Walimzungushia watu. Kwao utulivu haukuwa mali ya moyo wa mtu mmoja, ulikuwa kazi ya kijiji kizima: mmoja analeta maji, mwingine anasikiliza, mwingine anakumbusha methali. Kidole kimoja hakivunji chawa, na moyo mmoja haujitulizi siku zote.

4. Utulivu wa uongo

Tukisimama hapo, tutakuwa tumesifu tu desturi, na kusifu si kufikiri. Vijana wetu wanatuuliza darasani, na wana haki: "Mwalimu, barza ile ilikuwa ya nani?" Katika vijiji vingi, wanaume wazee njo walisema, wanawake na vijana walisikiliza ao walisemewa. Basi, utulivu wa watu wengine ulilipwa na ukimya wa wengine.

Mfano mbaya kuliko yote tunaujua, hata kama hatupendi kuuandika. Msichana anabakwa. Jamaa mbili zinaikala pamoja, zinasema kwa sauti ya chini, zinapatana: mbuzi mbili, tatu, pengine yule mwanaume amuoe. Watu wanakula, wanasema amani imerudi. Kwa nje ni barza kamili: salamu, zamu ya kusema, nyama ya mwisho. Lakini kuna mtu mmoja ambaye hakuulizwa kitu, naye njo aliyeumizwa. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ubakaji na ujeuri wa aina hiyo ilikuja kusema wazi kwamba hilo ni kosa kubwa, na mahali pake ni mbele ya tribunali. Mzee anayeficha kesi ya namna hiyo kusudi "kijiji kitulie" hafuati mutanga. Anaikata.

Barza inaweza kuharibiwa pia na siasa. Goma, mwaka 1998, wazee wa makabila mbalimbali ya Kivu Kaskazini waliunda Barza ya kuunganisha makabila, na kwa miaka kadhaa ilisaidia kupoza magomvi, hasa ya ardhi. Katikati ya miaka ya 2000 ilivunjika, wakati kila upande ulipoanza kuvuta kamba kwa wanasiasa wake. Kiti cha mzee kilibaki, lakini vichwa vingi vya Sakimatwematwe vilikuwa vimerudi kuwa kichwa kimoja, na kinatazama kwao tu.

Kwa hiyo tunahitaji kipimo cha kutenganisha utulivu wa kweli na ule wa uongo. Sisi tunapendekeza hiki: tuulize ni nani anayelipa. Kama utulivu unalipwa na yule mwenye nguvu, anayezuia mkono wake, anayengoja, anayesikiliza, huo ni utulivu. Kama unalipwa na yule dhaifu, anayemeza machozi kusudi wengine walale, huo ni woga uliovaa nguo ya heshima. Ukimya si utulivu. Hata kaburi linanyamaza.

5. Mifano miwili ya karibu

Mtu asiseme kwamba hayo ni mambo ya zamani tu. Mji wetu wa Bukavu umeona watu waliokuwa watulivu bila kunyamaza.

Askofu mkuu Christophe Munzihirwa alikuwa mtoto wa Burhale, katika Walungu. Tangu mwaka 1994, mamia elfu ya wakimbizi wa Rwanda walikuwa wameingia Kivu, na wenyeji wengi walichoka nao: kuni zilikwisha, mashamba yaliharibika, woga ulikuwa mwingi. Yeye aliwatetea wakimbizi kama binadamu, na kwa wakati uleule alisema waziwazi dhidi ya vita iliyokuwa inakuja, dhidi ya askari wanaonyanyasa raia, bila kuchagua rangi ya bendera. Mwezi wa kumi 1996, vita ilipokaribia Bukavu, wakubwa wengi walikimbia. Yeye alibaki na watu, akiwaomba wasiache upendo. Tarehe 29 Oktoba, Nyawera, askari walisimamisha motokari yake. Alishuka na msalaba wake mkononi, akawaendea kwa miguu. Waliua mwili wake hapo. Tunajua kijana mmoja atatuuliza: utulivu wake ulimsaidia nini? Haukumwokoa, ni kweli. Lakini wale walioua walikuwa na bunduki na walikuwa na haraka, na yule asiye na kitu njo aliyekuwa na amani. Mpaka leo Bukavu inamtaja yeye.

Mfano wa pili ni wa daktari Denis Mukwege na wamama wa Idjwi. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha mwaka 1999, ilipokea wanawake walioharibiwa na vita. Mbele ya mgonjwa, kazi yake inataka mkono mpole na sauti ya chini. Mbele ya wakubwa wa dunia, alisema kwa nguvu hata wengine wakachukia. Hapo tunaona kwamba upole na ukali vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, kila kimoja mahali pake. Mwezi wa kumi 2012 watu wenye silaha walimvamia nyumbani, mlinzi wake akauawa, naye akaenda uhamishoni. Basi, wamama wa kisiwa cha Idjwi, watu ambao faranga yao inatoka katika jasho la siku ileile, waliuza matunda na mboga zao na kuchanga pesa kusudi wasaidie kulipa tikiti ya ndege ya kumrudisha. Mwezi wa kwanza 2013 alirudi, na watu walijaa barabarani kumpokea. Mwaka 2018 alipewa, pamoja na Nadia Murad, tuzo ya Nobel ya amani. Dunia inakumbuka tuzo. Sisi tunapenda kukumbuka mananasi. Wale wamama hawakupiga kelele, hawakutupa mawe. Walikaa sokoni, wakauza, wakahesabu. Utulivu wao ulikuwa na macho, ulikuwa na mikono pia.

6. Tufunge nini kwenye kamba yetu?

Hatuwezi kurudisha lusu katika kila avenyu ya Kadutu ao Ibanda, na hatulazimiki. Lakini mambo manne yanaweza kufanywa na kila mmoja, bila kungoja leta ao mradi.

Katika nyumba: salamu na maji kabla ya lawama. Mtoto anayerudi na matokeo mabaya, bibi anayerudi na pesa pungufu, mume anayechelewa, aulizwe kwanza kama ni mzima. Deni lake litamngoja, halina miguu.

Katika ugomvi: acha mwenzako amalize. Kisha, kabla ya kujibu, rudia maneno yake kwa mdomo wako mpaka yeye mwenyewe aseme, "Ndiyo, nimesema hivyo." Ni zoezi gumu. Nusu ya magomvi yanakufa hapohapo, juu tulikuwa tunajibu kitu ambacho hakikusemwa.

Katika mikutano yetu ya karitye, ya kanisa na ya ukoo: tusikate neno kabla ya kuuliza ni nani asiyesema, na kwa nini. Na kesi ambayo ni ya tribunali iende tribunali. Barza isikubali kuwa kifuniko.

Katika shule: tumejaribu kuomba wanafunzi watengeneze mutanga wa darasa. Kila mmoja alete kitu kidogo, akifunge kwenye kamba karibu na ubao, aseme fundisho lake. Msichana mmoja alifunga kijiti cha kiberiti kilichoungua. Alisema: "Kinataka kuunguza wengine, lakini kichwa chake njo kinaanza." Mvulana mmoja alifunga kifuniko cha bidoni ya njano. Alisema: "Hata ukipiga kelele kwenye robine, utabeba lita ishirini tu, sawa na yule aliyenyamaza." Mwenzake akamjibu: "Lakini yule aliyenyamaza, wakimruka zamu yake, nani atasema?" Darasa likacheka, kisha likabishana saa nzima, na hakuna aliyemtukana mwenzake. Kifuniko kilibaki kwenye kamba na fundisho lake likawa mawili: usipige kelele bure, na usiache mtu arukwe.

Sisi tunaamini kwamba hizo sentensi mbili, zikifungwa pamoja, ni karibu yote ambayo wazee walitaka kutuachia. Utulivu bila huruma unamwacha mtu arukwe. Huruma bila utulivu inapiga kelele na kurudi nyumbani na bidoni tupu. Kila msomaji atafute kitu chake, akifunge leo, wakati nyumba yake iko na amani. Siku ya moto akikute pale.